Feni za Kimya kwa Adhana ya Baba

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na kelele kiasi kwamba, nikiiwasha hapa Biryogo, mtu aliyeko Gatsata, ng'ambo ya Kigali, alidhani lori la mchanga linapanda mlima. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja, nao wakicheka na kuniachia kazi zao hivyo hivyo: kadi za harusi, matangazo ya maduka, kasida za akina mama nilizozirekodi kwa maikrofoni moja nzuri niliyoipenda kuliko viatu vyangu. Kelele hazikuwahi kunikosesha mteja. Kwenye kasida kuna matari, na matari hufunika kila kitu, hata feni, hata mwimbaji asiyejua wimbo.

Baba ndiye aliyenifanya nizisikie.

Alikuwa fundi cherehani, na mimi nilikalia cherehani ya pili kwa miaka mingi, mchana nikipinda suruali, jioni nikienda shule ya watu wazima kusoma kompyuta. Nilipohitimu, alikitundika cheti changu ukutani juu ya meza ya pasi, akawa anawaonyesha wateja kabla hajawapima kiuno. Lakini mtaani hakujulikana kwa suruali. Alijulikana kwa sauti. Mtoto akizaliwa katika vichochoro vyetu, kabla bibi yake hajamaliza kuisifia pua, mtu alitumwa kumwita Baba aje amwadhinie: adhana sikio la kulia, kukimu, ule mwito mfupi wa kusimamisha swala, sikio la kushoto, ili maneno hayo yawe ya kwanza kumwingia. Mimi husema aliwaadhinia nusu ya watu wa Kigali. Toa chumvi yangu, mtaa mzima bado unabaki.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la vitambaa. Tukamnywesha tangawizi ya kutosha kuendesha basi hadi Butare. Hospitalini walimwingiza kamera kooni, na daktari, mwanamke mpole, akatueleza taratibu kwamba kuna uvimbe mbaya kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti, na kwamba itabidi kiondolewe chote. Angepumua kupitia tundu shingoni. Angeishi, Mungu akipenda. Kuzungumza, hapana. Upasuaji ulipangwa baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza, baada ya miaka tisa ya kusubiri.

Tulipofika nyumbani Baba alivua kofia, akaiweka juu ya cherehani, akaniambia, "Huyu wenu atanikuta sina sauti. Nirekodi adhana, mwanangu. Siku yake ikifika, umsogezee sikioni."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, kazi ya dakika tano. Kesho yake alimuuliza imamu, naye akamjibu kwamba adhana yenyewe lazima aisome mtu aliye hai, ila hiyo ya mashine mtoto anaweza kusikilizishwa kama zawadi ya babu yake. Baba akakubali. Zawadi inatosha, alisema.

Tukaingia nyuma ya pazia ninaporekodia. Sasa, ambaye hajawahi kuisikia ajue kwamba adhana ya mtoto mchanga si ile ya mnarani. Hunong'onwa. Baba alisogea karibu na maikrofoni, akafumba macho, akaanza, kwa sauti ndogo kama mtu anayeongea na yai. Alimaliza. Nikasikiliza kwa spika za masikioni, nikamsikia baba yangu akinong'ona ndani ya mashine ya kusaga mahindi.

Nikamvalisha naye asikilize. Mabega yakamtikisika kwa kicheko.

"Na hii vantilateri yako nayo inaadhini?" akaniuliza, akimaanisha feni. "Izime kwanza, nianze upya."

Nikamweleza kwamba feni iko ndani ya kompyuta, na nikiizima kompyuta hakuna wa kumsikiliza, maana hiyo hiyo ndiyo inayorekodi. Kisha nikaifuta ile rekodi. Mimi ni mtu nadhifu, kazi mbovu sihifadhi. Mashine iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza kwamba ninayo.

Mke wangu alikuwa amesimama pale kwenye pazia, mkono kiunoni. "Mrekodi kwa simu leo," akasema. "Hiyo ya mashine utaitengeneza pole pole."

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa apakue pilau ndani ya kiatu. Simu, kwa adhana ya Baba? Mimi mwenye maikrofoni, mwenye cheti? Nikamwambia anipe siku mbili tu nibadilishe feni. Na Baba nikamwomba aipumzishe sauti yake asiichoshe kwa maneno ya bure, mpaka nitakapokuwa tayari.

Nikafungua kasha la kompyuta. Kulikuwa na feni tatu: moja nyuma ya kasha, moja juu ya prosesa, moja ndani ya kile kisanduku cha umeme, na zote zilikuwa zimevaa makoti ya vumbi. Nilikunja karatasi ngumu kama bomba nikasikiliza moja moja, kama daktari. Ya nyuma na ya prosesa ndizo zilizokuwa zikipiga kelele. Nikashuka mjini, nikanunua mbili kwenye kibanda cha kando ya barabara. Muuzaji aliziwasha mbele yangu na sikusikia chochote, nikafurahi kama mjinga. Ni nani anayepima ukimya wa feni katikati ya pikipiki na honi? Pale hata jenereta lingeonekana kimya. Nyumbani zililia kama mbu elfu kumi, na siku ya pili moja ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kana kwamba mtu amesahau sindano ndani yake.

Hapo ndipo nilipojifunza nilichopaswa kukijua tangu mwanzo. Feni ndogo inalazimika kukimbia, na kukimbia ndiko kunakopiga kelele. Feni kubwa huenda polepole na kusukuma upepo ule ule. Ile inayozungukia kwenye bushi ya kawaida, kipete cha chuma, ni kimya ikiwa mpya, lakini mafuta yakikauka inaanza kusimulia maisha yake. Ya bolingi, yenye gololi ndogo za chuma, hudumu, ila ina mngurumo wake wa kuzaliwa. Nzuri ni ile ambayo mafuta yamefungiwa ndani yasitoke, yenye nyaya nne ili mashine yenyewe iweze kuipunguza mwendo, na ishikwe kwa vipini vya mpira badala ya skrubu, kwa sababu kasha la bati ni ngoma, litapigwa na chochote kinachotikisika.

Yote hayo yalinichukua siku kumi. Kila siku Baba alikuja hadi kwenye pazia, akaweka kiganja juu ya kasha kama anayepima homa ya mtoto, akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Hakusema neno. Alitii. Wateja aliwajibu kwa mikono, mke wangu akimsalimia alitabasamu na kugusa koo lake. Siku kumi nyumba yetu haikusikia sauti yake, na amri hiyo ilitoka kwangu.

Mwishowe nikampata muuzaji mmoja aliyekulia Bujumbura, duka lake liko ghorofani. Yeye hakuwasha feni juu ya kaunta. Alinipeleka stoo, akafunga mlango, tukasikiliza tukiwa tumeshika pumzi. Nilikataa ya kwanza, nikakataa ya pili, nikakataa hadi ya sita.

"Bwana, wewe hutafuti feni, unachumbia," akasema. "Kimya, mwaminifu, asiyenuna kwenye joto. Mimi mwenyewe ningempata huyo ningekuwa nimeoa."

Tulicheka sana mle stoo. Kisha akauliza za nini, nikamwambia. Akazirudisha zote sita kwenye maboksi yao, akasema hizo zingenidanganya kama zile za kwanza. Zitakazonifaa angeziagiza, zingefika Ijumaa. Nikapiga hesabu: Ijumaa feni, Jumamosi kurekodi, Jumanne hospitali. Siku mbili za ziada. Nilijiona mjuzi wa kupanga kuliko serikali.

Zilifika Ijumaa kweli. Tulifunga mlango wa stoo, akaziwasha, na ilibidi nitazame mapanga yake kujua kama zinazunguka. Nilipanda pikipiki, boksi mapajani, nikiwa nimeshampangia Baba pa kukaa na umbali wa maikrofoni na mdomo wake. Simu ikaita. Mke wangu alisema Baba alikuwa anatawadha kwa ajili ya swala ya Ijumaa, akaanza kukosa pumzi, majirani wamempakia kwenye gari.

Nilipofika hospitalini walikuwa wameshamtoboa shingo. Uvimbe ulikuwa umeziba njia, akanieleza yule daktari, wasingeweza kusubiri hata dakika. Hewa sasa ilikuwa inaingilia na kutokea pale kwenye mrija, haifiki tena ilipo sauti. Ule upasuaji mkubwa ungefanyika Jumanne kama ilivyopangwa.

Baba alikuwa macho. Aliliona boksi kwapani mwangu, akaliashiria kwa kidevu. Sikutaka kulifungua. Akaashiria tena. Nikatoa feni moja, nikamwekea kiganjani. Akaizungusha kwa kidole, akaisogeza sikioni, akasikiliza hadi ikasimama yenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Nzuri.

Nilitoka nje kwenye korido. Hapa sitatia chumvi: nililia, na mama mmoja nisiyemjua akanipa kitenge chake nijifutie.

Feni nilizifunga wiki iliyofuata, kwa vipini vya mpira, zote. Mashine ikawa kimya kabisa. Katika ukimya huo nikaitafuta ile rekodi niliyoifuta. Nilitumia kila programu niliyofundishwa na nyingine ambazo sikufundishwa. Niliokota matari, nikaokota kadi za harusi za watu ambao wameshaachana, nikaokota tangazo la saluni iliyofungwa. Yake sikuipata. Mke wangu hakunikumbusha neno lake la simu, hata mara moja. Kuna siku nilitamani anikumbushe.

Binti yetu alizaliwa asubuhi, kabla ya saa nne. Baba alikuja na skafu shingoni na daftari mfukoni, lile analoandikia maneno yake tangu upasuaji. Mimi nilikuwa nimeshazungumza na imamu aje, lakini Baba alinyoosha kidole akanionyesha mimi. Sauti yangu, niseme ukweli, inaweza kufukuza paka juu ya bati la jirani. Nikamchukua mtoto, nikaelekeza mdomo kwenye sikio lake la kulia, nikaadhini upesi upesi, nikitaka tu niimalize kabla haijanimaliza.

Baba akatoa daftari. Aliandika akanigeuzia nisome.

"Hapo umekimu. Sasa adhini."

Kila mtoto wa madrasa anajua: kukimu huharakishwa, adhana huvutwa. Mke wangu alicheka huku akijishika tumbo kwa maumivu. Nikarudia. Safari hii Baba aliweka mkono juu ya goti langu. Akibonyeza naanza, akilegeza navuta pumzi, na kati ya sentensi na sentensi aliniacha nisubiri kuliko nilivyodhani mtu anaweza kusubiri. Sikuwa nikimtazama mtoto. Nilikuwa nikiitazama midomo ya Baba, maana ilikuwa inaitangulia yangu kidogo.