Neno la Siri Nililolisema Mara Mbili

Dada yangu mkubwa aliponiuliza ni benki gani kati ya mbili za hapa Kindu aikabidhi pesa yake ya mchele, sikumjibu siku ile. Mimi sinunui hata kikombe cha chumvi bila kuzunguka meza tatu. Nilifungua akaunti katika benki zote mbili, kwa kiasi cha chini kabisa wanachokubali, na hata hicho niliomba kipunguzwe. Binti aliyekaa nyuma ya kidirisha cha gishe alicheka. Alidhani natania.

Yaya, ndivyo ninavyomwita, anauza mchele wa Kibombo tangu amani irudi. Miguu yake imeanza kuvimba, na foleni ya gishe haina kiti. Mtu alimwambia kwamba siku hizi benki zina tovuti: unaitazama pesa yako kwenye telefone, unaituma, unaipokea, na miguu yako imelala kwenye kigoda. Akanunua telefone ya kugusa, akaniita. Pesa yenyewe ilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini ya magunia, na ilikuwa yote aliyonayo duniani.

Wiki mbili nzima nililinganisha. Nilikuwa na daftari la shule: ukurasa wa kushoto benki ya karibu na soko, wa kulia benki ya karibu na gare ya treni.

Tovuti ya benki ya soko inafunguka kama mlango wa baa. Unaandika jina, unaandika neno la siri, umeingia. Neno lenyewe hawalikagui. Nilijaribu kuandika "mchele", wakalipokea kwa mikono miwili. Salio limeandikwa kwa tarakimu kubwa ambazo yaya angezisoma bila miwani. Nikaiacha wazi makusudi, nikaenda kula bugali na samaki, nikanawa, nikarudi: bado ilikuwa wazi, na pesa yangu imeanikwa pale kama mihogo juani. Na ukisahau neno la siri, inakuuliza jina la mama yako. Jina la mama yetu! Siku alipofariki lilitangazwa msikitini, na nusu ya Kindu ilikuja kula kwenye kilio chake. Wote wale wangeweza kuingia katika akaunti ya yaya, na pilau yetu wameshakula.

Benki ya gare, hiyo ni kizuizi cha barabarani. Neno la siri linataka herufi kubwa, herufi ndogo, namba, na alama moja ambayo sijawahi kuiona ikitumika kwa kazi nyingine. Ukishavuka hapo, inakutumia namba sita kwa mesaji, na zile namba zina uhai wa dakika tano. Kwa neti ya Kindu mvua ikishanyesha, mara tatu zilinifikia zikiwa zimeshakufa. Ukikaa kimya kidogo, inakutoa nje. Lakini juu ya ukurasa inakuandikia siku na saa ulipoingia mara ya mwisho. Nilihakikisha mara mbili, ilikuwa kweli. Kisha nikajaribu kuingia kwa telefone ya jirani, na kabla sijamrudishia, yangu ikalia mfukoni: kuna mtu anajaribu kuingia, je, ni wewe? Nilishtuka kama mtu aliyekamatwa na mlinzi wake mwenyewe.

Nikachora mstari chini ya kurasa zote mbili, nikapeleka daftari kwenye depo yake ya mchele.

"Sasa ile nyepesi njo gani?" akauliza.

"Ya soko."

"Na ya gare?"

"Ngumu, yaya. Lakini iko na usalama."

"Usalama ya nini kama mimi mwenyewe sitaingia? Mwizi atanishinda. Yeye macho yake iko muzuri."

Nikacheka. Nikaanza kumweleza tena habari ya namba sita, akanyoosha mkono akafunga daftari langu.

"Sikia, mudogo wangu. Tuchukue hii ngumu, na lile neno la kupita ulishike weye. Ukiingia, unanisomea. Weye njo benki yangu." Akasema bila kufikiri, huku akifukuza kuku kwenye mchele: "Weye haujanipotezea kitu hata siku moja."

Katika daftari langu hapakuwa na mstari wa jambo hilo. Nilikaa juu ya gunia. Nilihesabu magunia yaliyokuwa mbele yangu, kumi na saba, nikayahesabu tena, kumi na saba.

Miaka ya vita yaya alikuwa Goma na mume wake, mimi na mama tuko Kindu. Treni ilikuwa imenyamaza, barabara zimefungwa, mtoni hakuna boti. Kilichoingia kiliingia kwa ndege, na bei yake ilikuwa ya ndege. Yaya aliuza cherehani yake ili mama apate kiti kwenye ndege aende kwake. Pesa yenyewe haikusafiri, nani angeibeba? Kilichosafiri ni neno. Yeye alimpa mfanyabiashara wa Goma dola mia mbili na arobaini, na mwenzake wa Kindu, mzee mmoja mwenye depo ya chumvi, angempa kiasi kile kile mtu yeyote atakayemnong'oneza neno walilopatana. Neno lilinifikia katika barua, ndani ya karatasi ya sabuni, mkononi mwa abiria. Lilikuwa jina la mboga tuliyoila kila siku bila mafuta: lengalenga.

Kusudi la neno lile lilikuwa linong'onezwe. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikaenda kwenye foni.

Foni ilikuwa redio ya kuongea na miji ya mbali: chumba cha udongo, betri ya gari, waya uliotundikwa kati ya mianzi miwili, mwenye foni kwenye mashine yake, na benchi la kungojea zamu. Hewani huwezi kunong'ona. Unapiga kelele, kisha unasema "avu" ili mwenzako naye apige zake. Harusi, vifo, mimba, madeni, vyote tulivipigia kelele mbele ya benchi lile, hata tukasahau kwamba benchi lina masikio. Sisi wa Kindu wa miaka ile, ukituambia siri hewani, tulikuwa tunainua sauti.

"Barua umeipata? Avu!" Sauti ya yaya ilikuja kama inatoka ndani ya pipa.

"Nimepata! Neno njo lengalenga! Avu!"

"Sikusikie! Avu!"

"Narudia, lengalenga! Kwa mzee wa depo ya chumvi, sivyo? Avu!"

Filimbi tu. Hewa ilikuwa mbaya siku ile. Yaya hakusikia hata moja. Lililosikia ni benchi, na likacheka.

"Huyu anaagiza mboga kwa foni!" mmoja akasema. Nikacheka nao. Sikugeuka kuangalia ni nani aliyeinuka.

Na bado ningewahi. Lakini nilipita kwanza sokoni kumtafutia mama begi la safari, na muuzaji alitaja bei ya kijinga, na mimi bei ya kijinga siiachi ilale. Tulibishana karibu saa nzima. Nilimshusha zaidi ya nusu. Nilikwenda depo ya chumvi nikiwa na begi begani, nimejaa raha.

Mzee aliniangalia. "Muntu wa lengalenga alishapita," akasema. "Nimempa."

"Alisema nini?"

"Neno lenu. Alilisema mara mbili."

Usiku si rafiki wa mtu aliyefanya kosa, kwa hiyo sikungoja usiku. Barua niliiandika mchana ule ule, nikampa abiria wa ndege ya kesho yake. Niliandika kwamba pesa imechukuliwa, na kwamba mwenye foni ndiye aliyeuza neno letu. Sentensi moja fupi. Nilifikiri: yaya yuko Goma, mtu wa foni yuko Kindu, watakutana wapi? Sikufikiri kwamba Goma ilikuwa imejaa watu wa Kindu, wote wakipiga foni nyumbani, na wote wakimsikiliza yaya.

Katika mwezi mmoja benchi lilibaki tupu. Watu walihamia kwenye foni nyingine, ng'ambo ya pili ya mto. Siku moja mwenye foni alinisimamisha njiani. Alikuwa mtu mpole, aliwahi kuniacha niongee bure mara mbili pesa iliponiishia.

"Kaka, nielezee weye," akasema. "Watu wanaikimbia foni yangu. Kwa nini?"

Nikamwambia labda ni antena.

Akapanda akauteremsha waya wote, akaunyoosha, akautundika upya. Nilipita nikamwona juu ya mwanzi, jasho linamtoka, akinipungia mkono. Baadaye aliuza betri, akarudi kwao Lokandu kuvua samaki.

Mama hakuondoka. Sitasema alikufa kwa sababu hiyo, maana si kweli, alikufa kwa uzee, vita vimeisha. Lakini kule Goma yaya alikuwa ameshamnunulia kitanda, na akakiacha kimetandikwa muda wote ule, hamlazi mgeni juu yake. Alipokuja hatimaye kumwona mama, aliyekuwa ameshapinda mgongo, yaya alisimama mlangoni akaniuliza taratibu: "Kwani amekuwa mufupi hivi?"

Hayo yote niliyakalia miaka na miaka kama mtu anavyokalia gunia, na sasa ananiambia mimi ndiye benki yake.

"Yaya," nikasema, "lile neno la foni, hakuna aliyeliuza."

Hakuelewa. Ikabidi nimtajie lengalenga. Mkono wake uliokuwa unafukuza kuku ukasimama.

"Nililisema mimi. Kwa sauti. Mara mbili, ju weye haukusikia. Benchi zima lilisikia. Na nilipita kununua begi kwanza."

Kuku walirudi kwenye mchele, hakuwafukuza.

"Na mule mu barua uliandika nini?"

"Nilimtia ule muntu wa foni kosa yangu."

"Na mimi nikamutangaza Goma muzima," akasema. "Kwa kinywa changu." Akaangalia kiganja chake, akakifuta kwenye kikwembe. "Begi ulilishusha mpaka ngapi?"

Nikamwambia bei. Bado naikumbuka.

"Kumbe ulipata faida," akasema. Sijawahi kupigwa kofi lenye uzito kama ule.

Akauliza mtu yule yuko wapi. Nikamwambia Lokandu. "Utaenda kumwambia kwa kinywa," akasema. "Si kwa telefone." Nilikwenda, siku nne baadaye, kwa pirogi, mtumbwi wetu wa mtoni. Alikuwa anashona wavu. Nilimweleza yote, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo antena ilikuwa nzima?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kushona. Nilimpa gunia la mchele, akalitazama, akasema nimpelekee jirani yake, ana watoto wengi.

Lakini siku ile kwenye depo, habari ya benki ilikuwa bado haijaisha. Nilidhani yaya atairudisha ndoo yake chini ya magunia na kunifukuza pamoja na kuku. Badala yake alivaa miwani, akaichukua telefone mezani, akanifungulia daftari kwenye ukurasa wa kulia.

"Ya gare," akasema. "Nionyeshe pa kuanzia."

Nikamwonyesha ukurasa wa kufungulia akaunti. Jina aliliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anachagua mawe kwenye mchele. Tukafika kwenye neno la siri.

"Geuka," akasema.

"Yaya, hii iko na masharti mingi, niache nikusaidie—"

"Geuka."

Nikageuka. Nikauangalia ukuta. Nyuma yangu nilisikia ukucha wake ukigonga kioo, kimya kirefu, kugonga tena, kisha akaguna.

"Inakataa."

"Inataka herufi kubwa."

"Iko wapi?"

"Kuna mushale mudogo, chini, kushoto. Ubonyeze kwanza."

Kugonga. Kimya. "Na sasa inataka alama."

"Chini kabisa, pale iko namba. Bonyeza, utaziona zote. Chagua moja. Usiniambie gani."

"Nani alisema nitakuambia?"

Mesaji ililia mkononi mwake. Nikamwambia zile ndizo namba sita, na aharakishe. Akazisoma moja moja ndani ya mdomo, midomo ikigongana bila sauti, hata moja haikunifikia. Kisha depo ikatulia, na nikasikia pumzi yake ikishuka.

"Nimeingia," akasema.

Nikasema vizuri, aksanti kwa Mungu. Nikaendelea kuuangalia ukuta, kwa sababu hakuniambia nigeuke.