Darasa la Kijerumani la Nyanya

Kijiko kikigonga gilasi. Ting, ting, ting, halafu kimya. Mpaka leo, kule hotelini Diani ninakofua mashuka, mtu akigonga kijiko kwenye gilasi mimi hunyoosha mgongo na kufunga mdomo kama niliyeitwa jina. Wenzangu hunicheka. Hawajui kwamba huo ndio uliokuwa mlio wa shule yetu ya jioni pale Mwabungo, na kengele nyingine hatukuwa nayo. Kaa nikusimulie. Nikikumbuka huona raha, ingawa raha yenyewe si ya kheri sana.

Ilikuwa kaskazi, ule msimu wa wageni, joto lake la kukausha hata mate mdomoni. Ikishapita sala ya alasiri, watu wazima waliacha kazi zao wakaja kwenye veranda ya darasa la kwanza, wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Msusi alikuja na kitana amekichomeka kichwani. Fundi cherehani alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Askari wa hoteli alikuja na sare yake kabisa, maana akitoka hapo anaingia zamu. Wote walikuja kusoma Kijerumani. Mwalimu alikuwa mhudumu wa mezani aliyestaafu, mtu wa shati jeupe na kitambaa mkononi, na alifundisha vile vile alivyokuwa akihudumia: kwanza maamkizi, kisha supu, kisha nyama, na mwenye swali asubiri mpaka sahani ziondolewe.

"Mimi nifundishe 'simama hapo hapo' tu," askari alimwambia siku ya kwanza. "Hayo mengine nitatumia mkono."

"Ukimpiga mgeni itabidi ufundishwe na 'nimefukuzwa kazi'," msusi akamjibu, na watu wakacheka mpaka madawati yakalia.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilikaa sakafuni miguuni pa nyanya nikila kachiri za muhogo za pilipili na ndimu kwenye karatasi, huku yeye akisuka ukili wa kikapu bila kuangalia mikono yake. Mpaka leo nikinusa ukindu uliolowekwa nasikia na pilipili ulimini. Nyanya ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, hata mwalimu alimwamkia shikamoo kabla ya kuanza. Wengine walikuja ili wapate kazi nzuri au wauze zaidi. Nyanya alikuja ili amvizie mtu, na aliyejua hilo ni mimi peke yangu.

Ilikuwa hivi. Nyanya aliuza vikapu vyake ufuoni, na siku zote aliyemsemea kwa wageni alikuwa dalali mmoja, jirani yetu, kijana mtanashati wa viatu vyeupe. Kijerumani kilimtoka kama maji ya mfereji. Yeye alisimama katikati, mgeni huku, nyanya kule. Alisema maneno yake marefu, wageni wakacheka, wakampiga nyanya picha, na nyanya naye akacheka. Nyanya alikuwa na cheko zuri sana, la kuinamisha kichwa na kujipiga paja. Alidhani anasifiwa vikapu. Mimi pia nilidhani hivyo, nikawa nacheka naye, na usiku nikiota tumealikwa Ulaya mimi na nyanya na vikapu vyetu, tumepanda ndege tukiwa na kachiri.

Halafu siku moja akaja mama mmoja wa Kizungu ambaye hakucheka. Dalali aliposema yale maneno yake, yule mama alibadilika uso, akamsogelea nyanya, akaushika mkono wake akaupapasa, macho yamejaa machozi. Nyanya alicheka kama kawaida, lakini safari hii cheko lilimkatikia njiani.

Jioni hiyo, akikuna nazi ya mchicha, aliniambia, "Yule mama alinishika mkono kama wanavyoshikwa wafiwa. Mimi nimefiwa na nani?"

Akaikung'uta mbuzi ya nazi.

"Kesho naenda shule," akasema.

Sijapata kuona mtu akisoma namna ile. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na ninajua kusoma kwa uvivu kama ninavyokujua kula, lakini nyanya alisoma kama anayechimba kisima. Ufuoni alikaa kimya akisuka, dalali akisema, naye anadaka neno moja, anakuja nalo nyumbani akilitamka njia nzima lisimponyoke. Jioni anamwekea mwalimu. "Mwalimu, na hili je, ni kitu gani?" Mwalimu alifurahi, akamsifu mbele ya darasa kwamba huyu mama anajifunza hata nje ya saa za masomo. Neno la kwanza lilikuwa watoto. La pili lilikuwa kulisha. Siku aliyoleta neno la tatu, mwalimu alikitoa kitambaa mkononi, akakikunja.

"Mama, hayo maneno unayasikia wapi?"

Nyanya akamtajia sauti zote alizokuwa amezikusanya, kwa mpangilio wake, kama mtu anayesoma sura ya Kurani aliyohifadhi chuoni. Mwalimu alisubiri wanafunzi wengine waondoke. Kisha akamwambia. Mimi nilikuwa pale pale sakafuni, nikasikia. Kila siku, kwa kila mgeni, dalali alikuwa akisema hivi: Huyu kizee hana akili. Watoto wake walimtupa huku pwani, mimi ndiye ninayemlisha. Mpigeni picha, mwambieni lolote mtakalo, hajui kitu. Tazameni, atacheka tu.

Na kweli, kila siku alicheka.

Mikono ya nyanya iliacha kusuka. Nilidhani atalia, nami nikaanza kulia kabla yake, maana moyo wangu ndivyo ulivyo, hata kuku akichinjwa mimi huzunguka nyuma ya nyumba. Nyanya hakulia. Alimwambia mwalimu ahsante, akauliza sherehe ya kufunga darasa ni lini.

Basi mpaka sherehe ifike, nyanya alirudi ufuoni kila asubuhi, na dalali aliposema atacheka tu, nyanya alicheka. Aliinamisha kichwa, akajipiga paja. Nilimuuliza anawezaje. Alisema, "Namwekea akiba." Mimi nilichukia kwa niaba ya sote wawili. Nilimchukia dalali kwa meno yake, kwa viatu vyake, kwa alivyoitikia shikamoo yangu kila asubuhi na kunipapasa kichwa.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa shule, jua likianza kulegea. Mikeka ilitandikwa, ngoma ya sengenya ikapigwa, akina mama wakaleta viazi vya karai na maji ya ukwaju. Mwalimu alikuwa amewaalika wageni wachache wazee aliowahi kuwahudumia hotelini, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakijipepea. Na kwa kuwa hapakuwa na kijana aliyekisema Kijerumani vizuri kuliko dalali, wazee wa kijiji walimwomba yeye awatambulishe wanafunzi kwa wageni; mwalimu alimtazama nyanya, nyanya akaitikia kwa kichwa. Mama wa dalali alikuja amevaa leso mpya, akakaa mkeka wa mbele kabisa.

Mwalimu akagonga gilasi. Msusi akasimama, dalali akasema neno, wageni wakatabasamu. Askari akasimama, dalali akasema neno, wageni wakacheka kidogo. Kisha nyanya akasimama na kikapu chake. Dalali akamshika bega kama mwana mwema, akaanza wimbo wake ule ule. Sikuhitaji tena kutafsiriwa. Wageni wakacheka. Dalali akamgeukia nyanya, akangoja.

Nyanya hakucheka. Alitugeukia sisi tuliokaa mikekani.

"Asalaam aleikum, jamani," akasema. "Huyu mwanangu amewaambia wageni maneno juu yangu, na nyinyi wenyeji hamkuyaelewa. Si adabu watu kusemewa wasichokijua. Wacha niwatafsirie."

Akatafsiri. Polepole, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya dagaa, neno baada ya neno. Hana akili. Walimtupa. Mimi ndiye ninayemlisha. Atacheka tu. Wapiga ngoma walikuwa wameziweka chini, na watoto waliokuwa wakigombania viazi wakaviacha.

"Bimkubwa, umekosea," dalali akasema. Alijaribu kucheka. "Mimi sikusema hivyo. Kijerumani ni kigumu, hujakifahamu."

Nyanya akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Mwalimu alisimama na kitambaa chake mkononi, wageni wake aliowaalika wanamtazama, wazee wanamtazama. "Hukukosea mahali popote, mama," akasema.

Hapo msusi akainuka. "Na mimi umenisema nini sasa hivi?"

"Na mimi je?" askari akavua kofia. "Mimi nimefanywa nini?"

Kutoka kila mkeka wauzaji wakaanza kuuliza, huyu wa kombe za baharini, yule wa mashati, na mimi huwa wasemaje, na mimi. Dalali alirudi nyuma hatua kwa hatua. Mama yake alijifunika leso usoni, akaomba ashikwe mkono apelekwe nyumbani. Nyanya akawaelekea wageni, akawaambia kwa Kijerumani chake chenye mawe, "Mimi nina akili. Kikapu hiki nimekisuka mimi." Kisha akakaa, akauchukua ukili wake akaendelea.

Na mimi nilifurahi wee. Dalali alipoondoka tulimfuata watoto kundi zima mpaka barabarani tukiimba "atacheka tu, atacheka tu," na aliyeanzisha ni mimi. Sijaona Idi tamu kama jioni ile.

Tangu siku hiyo hakuna mtu ufuoni aliyemkubali dalali awe mdomo wake. Alihamia Malindi, akakaa miaka, akarudi amekonda. Alianza kutuma samaki kwa nyanya, tena changu wakubwa wa kushiba nyumba nzima, na nyanya akawapa paka. Mimi nililia kwa uroho. "Anataka radhi," nyanya aliniambia, "na aje aniombe kwa mdomo ule ule. Samaki hawakunitukana." Hakuja. Kila asubuhi alipita akisema shikamoo kwa mbali, nyanya akaitikia marahaba, basi. Nyanya akafariki akiwa bado anamngoja aingie uani.

Siku hizi ile veranda imezungushiwa ukuta wenye geti, huingii bila kujieleza. Mwalimu alirudi kwao Mkongani. Watu wazima hawajibani tena kwenye madawati kucheka pamoja, na vikapu ufuoni vingi ni vya plastiki. Mgeni naye anainua simu, simu inamsemea, muuzaji anaitazama simu. Huwa naota nifungue darasa la jioni, kila muuza madafu aje ajue anachosemewa. Bado naota tu, lakini naota kila siku.

Mwaka jana dalali alifariki. Nilikwenda matangani kama jirani, nikafunga leso kiunoni nikaingia jikoni uani. Nililia na binti zake, wallahi, nililia kweli, wao hawakunikosea. Jeneza lilipokuwa tayari kuinuliwa, sauti ya imamu ilitufikia kutoka barazani: marehemu alikuwa binadamu, yeyote aliyekosewa naye kwa neno au kwa tendo, amsamehe. Wanaume kule nje wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Wanawake mle ndani wakaitikia, msusi pia nikamsikia, "Tumemsamehe."

Mimi niliinama, nikachota jivu, nikaendelea kusugua sufuria.