Ua wa Matete Kati ya Fundi na Mkwewe

Mwaka ule ziwa lilipopanda, sisi wanafunzi wa darasa la sita katika shule ya misheni, karibu na Kibara, tulikuwa tukihamisha madawati kila Jumamosi kuyapeleka juu kidogo ya mteremko, na Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yametufuata. Bustani ya misheni ikawa kidimbwi cha kambare. Padri alikwenda kanisani amekunja kanzu hadi magotini, na sisi tulisali jioni na asubuhi ili maji yarudi yalikotoka. Felisian Kwangu alisali pamoja nasi, lakini baada ya sala aliichukua baiskeli ya Padri, akaisimamisha juu ya mawe, akafunga makopo ya samli kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kukanyaga pedali ili makopo yachote maji bustanini na kuyamwaga nje ya ukuta. Kwa kuchota, mashine ile haikuwa na kosa. Kwa kumwaga, ilimwaga yote mgongoni mwa aliyekanyaga. Padri alitazama, kisha akauliza kwa upole kama chombo hicho kingeweza kurudi kuwa baiskeli kabla ya Jumapili. Baada ya mitihani alimpeleka Felisian shule ya ufundi, na wengi wetu tuliamini kwamba alifanya hivyo ili kuziokoa baiskeli zilizobaki.

Miaka ishirini ilipita. Felisian akawa fundi mkuu wa karakana ya Kituo cha Zana za Vijiji pale Musoma, akamwoa Marcelina, binti wa Kisorya, akanenepa kidogo. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi nyumbani na viberiti. Vijijini mashine za kusaga zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli, na kilichobaki cha kutegemewa kilikuwa muhogo, nao ulichukua wiki nzima kukauka, na mvua ikiuwahi, uliota ukungu. Basi watafiti wa Kituo walichora mashine ya kukatia muhogo: gurudumu lenye visu, mdomo wa kuingizia muhogo, na mkono mmoja wa kuzungushia. Haikunywa dizeli, na vipande vyake vilikauka kwa siku mbili. Felisian aliiunda kwa mabati ya lori lililokufa, akaipenda kama mwanawe wa kwanza.

Hapo ikaja barua kutoka makao makuu. Barua ilisema kwamba Kituo kilikuwa kimefanya utafiti wa kutosha kwenye karatasi. Ikiwa hadi mwisho wa Juni mwaka 1984 hakuna kijiji kitakachokuwa kinaitumia mashine hiyo, karakana itafungwa, na fundi mkuu atahamishiwa stoo kugawa majembe. Felisian aliniambia baadaye kwamba usiku ule aliota anagawa majembe, na kila aliyempa alimrudishia.

Mkuu wa Kituo alikuwa Mhandisi Clementi, mwenyeji wa Songea, mtu mwema na mrefu kuliko milango mingi ya Musoma. Yeye ndiye aliyechagua kijiji cha majaribio, na alikichagua kwa kuweka kidole kwenye orodha. Kidole kiliangukia Kisorya, penye kikundi cha akina mama ambacho mwenyekiti wake alikuwa Mama Nyangi, mama mzazi wa Marcelina. Felisian alijaribu kumweleza kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Clementi alisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba utaratibu wa serikali hauna kifungu kuhusu wakwe.

Siku ya kuonyesha mashine, mwenyekiti alifungua mkutano akiwa nyuma ya ghala la mtama, kwa sauti nzuri iliyosikika na wote. Felisian alizungusha, vipande vikaruka, akina mama wakapiga makofi, soda zikanywewa. Alirudi Musoma na moyo mweupe. Mwezi mmoja baadaye alipokwenda kukagua, alikuta kuku amelalia mayai kumi na moja ndani ya mdomo wa mashine, na kwenye mkono wa kuzungushia imeanikwa sketi. Clementi aliandika kwenye ripoti kwamba wanakijiji hawana mwamko.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Felisian alimwomba mkewe ampelekee mama yake swali moja tu: kasoro ni nini? Jibu lililorudi ni kwamba aje mwenyewe, maana habari ya chuma haifai kutumwa kupitia mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Basi akaenda. Walimwekea kigoda upande mmoja wa ua wa matete. Mama mkwe akakaa upande wa pili. Na penye upenyo wa ua akaketi Tereza, katibu wa kikundi, ili awapelekee maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mgeni, hiyo mashine ni ndefu," alisema Mama Nyangi.

"Shemeji, anasema ni ndefu."

Felisian alieleza kwamba urefu ule haukubahatishwa, ulipimwa.

"Anasema ulipimwa, mama."

"Walimpima nani?"

Felisian alikumbuka siku Clementi aliposimama katikati ya karakana na kupimwa kwa futi kutoka sakafuni hadi kiunoni.

"Mhandisi," alisema mwishowe.

"Mwulize, huyo mhandisi huwaga anakata muhogo?"

Tereza hakuona haja ya kulipeleka swali hilo. Mama Nyangi akaendelea, na sasa maneno yakatoka kama mtu aliyeyaweka tangu siku ya soda. "Sisi tunakataga tumekaa chini, miguu tumenyoosha, wawili wawili, tunaongea. Hicho chuma kinataka mtu mmoja, asimame, azungushe. Ukizungusha, mwili mzima unatikisika kama uko ngomani. Mimi nitikisike hivyo, na mkwe wangu amesimama pale na daftari?"

"Anasema hatatikisika," alisema Tereza.

Felisian, ambaye hakuwahi kujua kuficha jambo, alikiri kwamba huko Musoma walikuwa wameandika kuwa kijiji hakina mwamko. Jibu lilitoka nyuma ya matete papo hapo.

"Mwambie sisi tumeamka tangu jogoo la kwanza. Hiyo mashine yake ndiyo haijaenda shule."

Akina mama waliokuwa wakimenya muhogo karibu walicheka hadi mmoja akaangusha kisu. Felisian alicheka pia, kisha akaomba apimiwe kwa fimbo kimo cha mwanamke aliyeketi. Tereza alimpima mwenyekiti wake, akaikata fimbo, akaiweka chini, na Felisian akaiokota.

Aliporudi Musoma alikata miguu ya mashine. Akaongeza mkono wa pili, ili wawili wazungushe wakiwa wameketi wakitazamana, na mikono tu ndiyo ifanye kazi. Akapanua mdomo, kwa sababu muhogo wa sokoni uliotumika kwenye utafiti ulikuwa umenyooka, lakini ule wa Kisorya umepinda kila upande. Clementi alilalamika kwamba mashine ya watu wawili ni hasara ya nguvu kazi. Hata hivyo jaribio lilihitaji mtu wa pili, na mafundi wengine walikuwa wamekwenda kwenye foleni ya mchele. Hivyo mhandisi aliketi sakafuni, akanyoosha miguu yake mirefu hadi karibu na mlango, akashika mkono wa pili. Walikata madebe matatu. Kufikia debe la pili alikuwa anamsimulia Felisian habari za shangazi yake wa Songea, na alipoinuka alisema kwamba hakujua muda ulivyopita.

Mkaguzi wa makao makuu alifika Kisorya tarehe ishirini na nane Juni. Alikuwa mtu wa kufuata karatasi, na karatasi yake ilidai mambo mawili kwa wakati mmoja: mwenyekiti wa kikundi aitumie mashine, na fundi aliyeiunda asimame hapo hapo aieleze. Mama Nyangi alisema kutoka nyuma ya ghala kwamba yuko tayari, ila si mbele ya mkwewe. Mkaguzi alifunga kalamu yake, akasema kwamba jambo lisiloonekana haliandikwi. Clementi alishika kichwa.

Felisian alivua kofia, akasogea hatua nne, akaupa mkutano mgongo na kugeuzia uso ziwani. Mama Nyangi akatoka, akaketi na Tereza, wakaanza kazi.

"Sasa wanaingiza muhogo," alisema Felisian, akitazama kivuko kilichokuwa kinatoka Ukerewe. "Huo ni mnene. Visu vimeushika. Upande wa kushoto wanazungusha kwa haraka mno, wapunguze kidogo."

Upande wa kushoto alikuwa mama mkwe mwenyewe. Akapunguza.

Aliieleza mashine yote hivyo, kwa masikio, hadi kipande cha mwisho. Mkaguzi aliandika kwamba mashine inatumika, na kwamba fundi ana ujuzi wa hali ya juu hata hahitaji kuitazama. Karakana haikufungwa, na kabla ya Krismasi mashine kumi na sita zilikuwa Kibara, Mugeta na vijiji vya jirani, zote fupi, zote za mikono miwili.

Kituo kilidumu miaka tisa zaidi. Soko huria lilipoingia, serikali iliacha shughuli nyingi, na kazi ya Kituo ikawa mojawapo. Katika kufunga, kila mashine ilipaswa kusajiliwa kwa jina la mbunifu wake, na mbunifu aliruhusiwa kuondoka na vifaa vya karakana ili aendeleze kazi. Clementi alimsihi Felisian ajaze jina lake na kumaliza. Felisian alisema kwamba yeye alikata chuma tu, aliyebuni anajulikana. Lakini kwetu mtu hataji jina la mama mkwe wake, wala haliandiki. Alikaa na fomu ile siku mbili.

Siku ya tatu, Juni 1993, kwenye nafasi ya mbunifu aliandika: "Mwenyekiti wa kikundi, Kisorya, nyumba ya tatu kutoka kivukoni, mkono wa kushoto. Aulizwe mwenyewe, na vifaa apewe yeye." Chini, penye neno fundi, akaandika Felisian Kwangu. Akaikabidhi kwa karani, akaenda stendi, akapanda basi la Bunda, njia ya kwenda Kisorya.