Sukari ya Wenye Nyumba

Mama yangu hakuwa amemaliza mwaka kwangu Durban alipoanza kusema anataka kurudi kwake, milimani Kivu. Sikutaka kusikia. Watoto wake wote tumeondoka, nyumba imefungwa, jirani tu ndiye anayefagia ua. Arudi kukaa na nani?

Mteja mmoja niliyekuwa namsuka saluni akanieleza kuna makumbusho huko juu, saa chache kutoka Durban, shamba la Wazungu wa kwanza kulima milimani, limeachwa kama lilivyokuwa. Nikaona dawa imepatikana. Mama ataona milima, atapigwa na baridi kidogo, roho itatulia.

Nilimwambia tunakwenda kuona nyumba ya wakulima. Akavaa kitenge cha kanisani na kubeba mfuko wa sukari, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Mimi nilidhani ni ya chai ya njiani.

Tulipofika, alipita mkokoteni wa ng'ombe bila kuutazama, akasimama mlangoni pa nyumba ya mawe. "Hodi," akasema. Kimya. Akarudia. Wageni wengine walitupita wakaingia na simu zao, na mimi nikaona aibu. Nikamwambia aingie tu.

"Nitaingia namna gani? Hakuna mutu amesema karibu."

Mlinzi akacheka kwa upole, akanieleza kwa Kiingereza kwamba hapo haishi mtu. Nikamtafsiria mama.

"Benye nyumba beko wapi?"

"Walikufa kitambo, mama."

"Na batoto yabo?"

Nikamuuliza mlinzi. Akasema walihamia mijini, mmoja mmoja.

Mama akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, vikombe viko mezani, na pipa la kusukia maziwa limekauka. Alishika jiwe la meko, baridi tupu. Nilimwonyesha milima dirishani, nikaisifu kama dalali wa viwanja. Akaitikia kwa adabu.

Kwenye teksi ya kurudi aliupakata mfuko hadi Pinetown, karibu na nyumbani. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa naogopa. Nikamwambia anipe ile sukari, jioni tupikie chai.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya jirani yangu, mwenye anafagia. Nitamupelekea mwenyewe."