Kadi ya Kizimba

Mtaani walimwita Mama Panya, wala hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwatunza panya weupe wa maabara ya chuo, akiwapima uzito kila asubuhi na kuandika kwenye kadi iliyoning'inia katika kila kizimba: dawa, kipimo, aliyeruhusu, anayefuatilia. Panya asiye na kadi haguswi.

Mwaka ule ililetwa kemikali iliyotengenezwa kuamsha kipokezi fulani ndani ya seli, jamaa wa kile kinachopokea homoni ya tezi ya shingoni. Panya walioipata walikimbia kwenye gurudumu mpaka wenzao wakawa hoi. Lebo ya chupa ilisema wazi: kwa utafiti tu, si kwa binadamu.

Jumapili moja alikwenda kumtembelea mdogo wake, dereva wa lori mwenye watoto wawili na kitambi. Bafuni, kando ya miswaki, akaikuta chupa yenye lebo ileile, akatoka nayo hadi mezani.

"Hiyo ya jimu, dada. Kocha anatuuzia. Inakata kitambi hata ukiwa umekaa."

"Umesoma lebo?"

"Hiyo wanaandika kukwepa ushuru tu. Mbona ulisema panya wako wanatumia na wanadunda?"

Neno hilo lilimchoma. Yeye ndiye aliyewabeba panya hao siku yao ya mwisho, wakapasuliwe, ini na moyo vikaangaliwe. Jibu ambalo maprofesa walikuwa bado wanalitafuta, kocha mwenye filimbi shingoni alikuwa keshalipata, na analiuza kwa chupa.

Akatoa kadi tupu mkobani, akaitupa mezani. "Jaza."

Mdogo wake akacheka, akashika kalamu. Kipimo: kifuniko kimoja. Aliyeruhusu: akaandika "kocha", kisha akakata. Anayefuatilia: akaruka. Mstari wa chini kabisa ukamsimamisha.

"Siku ya kupasuliwa. Ndiyo nini hii, dada?"

"Panya wangu wote wanayo. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nyie mmeugeuza. Panya ana kadi, ana daktari, ana mimi. Wewe una nani?"

Mdogo wake aliitazama ile nafasi tupu, kisha akaisukuma chupa upande wa dada yake.

Mama Panya akaitia mkobani, lakini hasira haikushuka.

"Hapo jimu mko wangapi mnaokunywa?"

"Kama thelathini."

"Basi kesho utanipeleka," akasema. "Nitakuja na kadi thelathini na moja. Ya juu ni ya kocha."