Rovu la Kipaza

Wifi yangu tulimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa kutangaza mabasi stendi, ndani ya kibanda chenye kioo cheusi. Abiria waliijua sauti yake. Sura hakuijua hata mmoja. Kibanda kilimfaa, maana shingoni alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi uliokua taratibu tangu uzazi wake wa kwanza, ukapita chungwa, ukafika nazi. Alilifunika kwa mtandio, na ole wako ulitazame.

"Wifi, nenda hospitali," nilimwambia mpaka nikachoka.

"Linakuuma wewe?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipoanza kulala ameketi, kwa sababu akijilaza rovu linamkaba, ndipo mume wangu akamburuta dada yake kwa daktari.

Daktari wa upasuaji hakuzunguka. Rovu limebana njia ya hewa, lazima litoke. Ila mshipa unaoendesha sauti umepita nyuma yake, mwembamba kama uzi.

"Nitajitahidi. Ahadi sitoi."

"Daktari, mimi sauti ndiyo inayonilisha."

"Na pumzi je?"

Akatia sahihi. Mama mkwe, aliye mbali, tena miguu haimruhusu kusafiri, aling'aka kwenye simu: "Tangu lini mtu akachinjwa shingo akapona?"

Rovu lilitoka lote. Kipaza alipozinduka, daktari akamwambia aseme chochote. Kikatoka kitu kama mlio wa mlango wenye kutu. Mshipa ulikuwa umechubuka. Sauti ingeweza kurudi, ingeweza isirudi. Hakutoa chozi. Alijilaza chali, akavuta pumzi, akasinzia. Mimi ndiye niliyeumia, sikufichi.

Tulipomrudisha nyumbani, mama mkwe akapiga. Nikaweka spika ili Kipaza aongee.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani? Mpe simu mwanangu."

"Ni mimi, mama. Nimepona."

"Mwongo! Mmemuua mwanangu, sasa mnaniletea mtu wa kunidanganya!"

Nikadakia, nikaapa kwa Mungu. Hakuniamini. Na lini aliwahi kuniamini?

 Kisha mama mkwe akasema polepole, "Kama ni wewe kweli, hebu lia. Kilio chako nakijua tangu nilipokuzaa."

Kipaza akalia. Kilikuwa kilio kikavu, cha kukwama kwama, hakina sauti hata kidogo, ni pumzi tu za kukatika katika. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nyamaza sasa. Nimekusikia."