Mama Mkwe na Mtaro wa Bustani

Mama mkwe wangu alifika kwa boti, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka ufukweni mwa ziwa letu kila uchao. Alikuja na gongo moja kwapani, kwa sababu mguu wake wa kushoto uliumia safarini ukapona vibaya. Tulimweka nyumbani, mtaani kwetu Buzebazeba, nami nikaanza kutembea kwa adabu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kwao Warundi na kwetu Waha ni yaleyale: nilivyolelewa mimi, mwanamume hamgusi mama mkwe, hamkazii macho, na akiwa na neno naye hulipitisha kwa mke. Tuliishi kama majirani wenye kesi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na bustani ya mtaa, yenye michikichi michache na viti vya saruji. Alasiri wageni waliotoka Burundi karibuni walikaa pale kubadilishana habari. Mama mkwe alitaka kwenda kila siku kuuliza kuhusu kitindamimba wake, ambaye walipotezana naye wakati wa kukimbia. Lakini kabla ya bustani kulikuwa na mtaro mpana, daraja lake ubao mmoja, na malori ya chakula cha kambi za wakimbizi yalipita pale kama yanafukuzwa.

Siku moja nilikuwa nyuma yake alipokanyaga ubao. Lori likapiga honi, gongo likateleza, akayumba. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Ndiyo, niliurudisha. Aliyemdaka ni mwanamke muuza dagaa aliyekuwa akitoka soko la samaki la Kibirizi na beseni kichwani. Dagaa wote wakamwagika mtaroni.

"Wewe baba," akanigeukia, "mikono yako ni ya kulia ugali tu?"

Ile aibu inanichoma mpaka leo.

Mimi ni fundi mwashi. Nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa, nikajenga kidaraja cha mawe chenye ngazi nne safi, maana bustani ilikuwa juu kuliko barabara. Kichwa kikanivimba. Nikamuuliza mke wangu, mama anasemaje?

"Anasema urakoze cane. Anakushukuru sana."

Basi nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki ilipita ndipo nikagundua kwamba hajaingia bustanini hata mara moja. Alikuwa akisimama chini ya ngazi, ukingoni mwa barabara, malori yakimfunika vumbi, akiwapigia kelele watu wa ndani wampe habari. Nilimjia juu mke wangu.

"Mbona hakusema kwamba ngazi zimemshinda?"

"Amwambie nani? Mkwe amejenga, yeye akosoe?" Akacheka. "Na wewe mbona hukuuliza gongo linapandaje ngazi?"

Kuuliza si ujinga, ila mimi nilijifanya najua. Nikachukua nyundo nikazivunja ngazi zangu mchana kweupe, wapita njia wakidhani nimerukwa na akili. Safari hii nilimtuma mke wangu kwa mama na maswali: hatua yake ina urefu gani, mkono upi una nguvu, akichoka hupumzika wapi. Nikajenga mteremko mrefu wa kupanda polepole, nikaukwaruza usiteleze. Kila upande nikasimika bomba la chuma la kushikilia, kimo cha kiuno chake, moja la kwendea na jingine la kurudia. Mwenyekiti naye akaweka tuta la kifusi barabarani, na malori yakashika adabu.

Saruji ilipokauka nilikwenda kuyajaribu mabomba. Nilikuwa nimeshika ncha ya moja, upande wa bustani, mama mkwe alipotokea barabarani. Niligeuza uso kama inavyopasa. Nikasikia gongo likigonga, kimya kidogo, likagonga tena. Bomba likatikisika kiganjani mwangu. Alikuwa ameishika ncha ya pili, na uzito wake ukanifikia kupitia chuma. Moyo wangu ukatua, nikavuta pumzi ambayo nadhani niliizuia tangu siku ya lori. Sikuliachia bomba mpaka alipofika juu.

Alinipita, akakaa kwenye kiti. Nikamsikia akiuliza habari za mwanawe, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeketi karibu na wenzake.